Kutu ya Takaungu

Katika nchi za baridi watu humwaga chumvi njiani ili barafu iyeyuke, kisha chasisi za magari yao ya kale zikaliwa na kutu. Lakini Takaungu, mji ambao baadhi ya watu wa ukoo wa Mazrui waliuhamia baada ya Mombasa kutwaliwa na Seyyid Said mwaka 1837, chumvi haingoji mkono wa mtu, kwani huletwa na pepo za kusi na kaskazi.

Wahenga waliijua adawa hiyo ya chumvi na chuma kabla ya motokaa: mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari wa chuma, na majahazi yakapakwa sifa, mafuta ya papa ambayo harufu yake haisahauliki. Zilipokuja gari, na hasa zama zile ambapo msafiri wa Malindi alivuka Kilifi kwa feri, hata daraja likafunguliwa mwaka 1991, chumvi ilijipenyeza baina ya bamba na bamba, ikadumu humo ikivuta unyevu, ikaivunja ngozi nyembamba ikingayo chuma. Kuipaka rangi mpya gari ya namna hiyo, kwa nadhari yangu, ni kuvika kidonda kilemba. Fundi hodari hugonga mihimili ya chini kwanza, na ikilia butu hudai sehemu ya ujira wake kabla ya kufunua zaidi.