Orodha ya Mali ya Marehemu

Mpangaji wa chumba cha mjini atakaye bima ya vyombo vyake hutakiwa kuandika alivyo navyo na thamani ya kila kimoja, kabla moto au mwizi hajafika. Kuhesabu si kazi. Taabu imo katika kukadiria, maana kitu kimoja kina bei kilipokuwa kipya, bei kilipochakaa, na gharama ya kupata kingine badala yake.

Bagamoyo ya karne ya kumi na tisa iliyajua hayo vizuri. Mwaka 1871 Stanley, alipojiandaa kwa safari ya bara, aliambiwa kwamba doti 10 kwa siku zatosha chakula cha watu 100. Basi akaona yafaa kununua doti 2,000 za merikani, 1,000 za kaniki na 650 za nguo za rangi. Jumla yake ni 3,650, yaani mwaka kamili bila doti moja ya ziada; hesabu safi mno kwa njia iliyojaa hongo! Lakini bidhaa za njiani zilikuwa na kipimo kilichojulikana. Vyombo vya mtu binafsi havikuwa nacho.

Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walikata shauri kuuchukua mwili wake hadi pwani. Kwanza masanduku yalifunguliwa mbele ya wote, ili wote wawe wadhamini. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik huko Bara Hindi, akaandika: fedha isiyofika shilingi mbili, kofia, saa, dira, na vyombo vya kupimia ambavyo hakuvitaja majina, akavihesabu tu. Hakuweka bei hata moja. Naye angeweka bei gani? Pale kijijini chombo cha kupimia nyota hakikununua hata kibaba cha mtama. Ila kama kingekosekana pwani, waliokichukua wangeitwa wezi. Orodha ile ilikuwa kinga yao.

Oktoba 1873, huko Unyanyembe, walikutana na Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Yeye alivitaka vyombo vile kwa safari yake mwenyewe, akachukua vilivyo vingi, nao hawakuridhika. Kwake vilikuwa na thamani kubwa, kwani wapi Unyanyembe angepata vingine? Kwao vilikuwa amana ya marehemu, na amana haikadiriwi kwa haja ya anayeitamani.

Februari 1874 msafara ukaingia Bagamoyo. Mwili uliwekwa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, kisha ukavushwa Unguja. Wachukuzi wakalipwa ujira wao, wakaachwa waende zao. Chama cha Kifalme cha Jiografia cha Uingereza kilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili yao. Zilipofika, wengi walikwisha kutawanyika.