Mama aliita msaada: namna watu walivyojifunza kuongea na mgonjwa wa akili mwenye kisu mkononi

Miaka michache iliyopita nilisoma hewani habari ya sekunde 40. Nilisema kwamba mtu mwenye panga alitisha watu katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani, askari wakampiga risasi, akafa. Nikamaliza kwa kusema kwamba hali imerudi kuwa shwari.

Siku mbili baadaye mama mmoja alifika kwenye mlango wa redio, akauliza ni nani aliyesoma habari ile. Alipokwisha kukaa akaniambia: "Ni weye ulisema mutoto yangu alikuwa mutu wa hatari? Mutoto alikuwa mugonjwa. Ni mimi mwenyewe nilituma watu waite polisi, wanisaidie kumupeleka ku hospitali."

Sikuwa na la kujibu. Sikutaja ugonjwa kwa sababu sikuuliza. Tangu siku ile nimetafuta kujua kama kuna mahali watu walifundishwa kuongea na mtu wa namna ile mpaka aweke panga chini. Nani alianza, na kwa nini? Wasikilizaji na wasomaji wapendwa, leo ninawapa historia niliyoipata. Sehemu kubwa yake ilitokea Marekani, lakini mama yule angeielewa mara moja.

Tuanze mwaka 1972. Mwezi wa Septemba, watu wenye silaha waliteka wanamichezo na makocha wa Israeli kwenye michezo ya Olimpiki, mjini Munich, Ujerumani. Polisi walijaribu kuwaokoa kwa risasi. Waisraeli 11 walikufa. Dunia nzima iliona kwamba nguvu peke yake inaweza kuua hata wale wanaotafutwa kuokolewa.

Katika mji wa New York, polisi wawili walichukua somo hilo. Mmoja aliitwa Frank Bolz. Mwingine, Harvey Schlossberg, alikuwa mpelelezi aliyesoma saikolojia mpaka kupata shahada ya udaktari. Fikra yao ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kufanya: msiwe na haraka. Mtu aliyejifungia ndani akiwa na hasira au hofu hawezi kubaki hivyo siku nzima. Masaa yakipita anachoka, anasikia njaa, na mwisho anataka mtu wa kuongea naye.

Januari 1973, majambazi wanne walijifungia na mateka ndani ya duka moja la Brooklyn, katika mji huo huo. Polisi mmoja aliuawa mwanzoni. Hata hivyo wenzake hawakuvamia. Walingoja masaa 47. Mateka wote walitoka wazima, na majambazi wote wanne wakakamatwa wakiwa hai. Mwaka huo polisi wa New York wakaunda kikosi cha watu waliofundishwa kuongea na watekaji, na baada ya muda mfupi FBI nayo ikaanza kufundisha kazi hiyo katika chuo chake cha Quantico.

Lakini sasa sikilizeni kilichofuata katika mji ule ule. Tarehe 29 Oktoba 1984, polisi walikwenda kwenye nyumba ya bibi mmoja, Eleanor Bumpurs, mwenye miaka 66, ili kumtoa kwa sababu ya deni la kodi. Deni lenyewe lilikuwa la dola mia chache. Walikuwa wameambiwa kwamba akili yake haiko sawa. Walipovunja mlango, bibi alikuwa na kisu. Wakampiga risasi mbili za bunduki, akafa.

Mimi habari hii iliniumiza kuliko zote. Miaka kumi na moja kabla, polisi wa mji huo walikuwa na subira ya masaa 47 kwa majambazi wenye bunduki waliokwisha kumuua mwenzao. Bibi mgonjwa hakupewa hata saa moja. Ujuzi wa kuongea ulikuwepo tayari, ila hakuna aliyefikiri kwamba na yeye ni mtu wa kuongewa naye. Baada ya malalamiko mengi, polisi walibadili masharti yao: mtu mwenye matatizo ya akili akiwa amejifungia peke yake na hatishii maisha ya mtu kwa wakati ule, wamngoje mkubwa wao afike kabla ya kufanya lolote.

Miaka mitatu baadaye ikawa zamu ya Memphis, mji wa kusini mwa Marekani. Tarehe 24 Septemba 1987, mama mmoja aliita polisi kwa sababu mtoto wake, Joseph DeWayne Robinson, kijana mweusi wa miaka 27 aliyekuwa na ugonjwa wa akili, alikuwa anajikata kwa kisu. Polisi walifika, wakapiga kelele atupe kisu, hakutii. Wakampiga risasi nyingi. Mama aliita msaada, akapewa maiti.

Watu wa Memphis walikasirika, hasa weusi. Meya Richard Hackett akaita mezani watu ambao hawakuwa na desturi ya kukaa pamoja: polisi, madaktari, watu wa chuo kikuu, na familia zenye wagonjwa. Kati yao walijulikana sana baadaye ofisa wa polisi Sam Cochran na mwanasaikolojia Randolph Dupont. Mwaka 1988 kazi ikaanza. Polisi waliojitolea wenyewe walifundishwa masaa 40. Leo mpango huo umeigwa sehemu zaidi ya 2,000 nchini Marekani, na nchi nyingine pia zimeuchukua.

Wanafundishwa nini katika masaa 40? Wanaelezwa magonjwa yenyewe, na namna ya kumtofautisha mtu aliyelewa na mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawasikii. Wanakwenda hospitalini kukaa na wagonjwa waliopata nafuu na kuwauliza: siku ile ulipokuwa vibaya, ulitaka polisi akufanyie nini? Wanasikiliza familia. Halafu wanaigiza: mmoja anakuwa mgonjwa, mwingine anaongea naye, mwalimu anasahihisha.

Masharti ya kuongea ni machache. Mtu mmoja tu aongee, wengine wanyamaze. Simama mbali kidogo, usimzibie njia. Sema jina lako, uliza lake. Sauti iwe chini. Akikuambia anasikia sauti, usimcheke, usibishane naye, wala usimdanganye kwamba na wewe unazisikia. Mwambie: "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutesa." Ukiona anataka kujiua, muulize wazi, kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Usiahidi usichoweza kutimiza. Na umpe muda.

Jambo la pili la Memphis ni hospitali. Walipatana na hospitali ya mji ipokee kila mgonjwa aliyeletwa na polisi, haraka na bila kumrudisha. Cochran na wenzake walijua kwamba polisi akishafaulu kumtuliza mtu kisha akakosa pa kumpeleka, mara ya pili atampeleka gerezani. Huko Eugene, jimbo la Oregon, mwaka 1989 walifika mbali zaidi: walianza kutuma watu wawili wasio na silaha, mmoja wa afya na mwingine aliyefundishwa kutuliza watu.

Nisiwadanganye kwamba masomo yalimaliza shida. Desemba 2024, Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa ripoti iliyosema kwamba polisi wa Memphis, hao hao walioanzisha mpango huu, bado wanawatendea vibaya wagonjwa wa akili. Mei 2025 serikali iliyofuata ikaondoa ripoti hiyo. Wakubwa wanaweza kubishana juu ya karatasi. Familia za Memphis zinajua zilichoona mlangoni mwao, na zinajua pia kwamba somo la wiki moja linasahaulika kama wakubwa hawalifuatilii.

Na huku kwetu? Vita vya mashariki vimejaza kambi watu ambao wameona mambo ambayo mtu hapaswi kuona. Wengine walikuwa na dawa zao nyumbani, wakazipoteza siku ya kukimbia. Hata hivyo hatuanzi bila chochote. Bukavu kuna kituo cha SOSAME, na Goma kuna Tulizo Letu, vyote vya watawa wa Frères de la Charité. Katika hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, kuna akina mama wanaoitwa "maman chérie", ambao kazi yao ni kukaa na wanawake walioumizwa na kuwasikiliza. Na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa kitabu cha huduma ya kwanza ya kisaikolojia, kwa watu wasio madaktari. Kinajengwa juu ya mambo matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Muuguzi, mwalimu, mchungaji, askari na kiongozi wa kambi wanaweza kujifunza hayo.

Niliwahi kuona kwa macho yangu katika kambi nyingine. Kijana alishika jiwe kubwa, watu wamemzunguka, wengine wanapiga kelele, watoto wanacheka. Mama mmoja anayeuza mandazi akawaambia watu warudi nyuma. Akabaki mbali naye hatua chache, akasema polepole: "Mutoto yangu, ulisha kula?" Kijana hakujibu. Mama akangoja, akauliza tena. Ilichukua karibu saa nzima. Jiwe likaanguka, na muuguzi akamchukua. Mama yule hakufika chuo chochote, lakini alifanya karibu yote ambayo Memphis inafundisha. Tusitegemee bahati ya kuwa na mama kama yeye katika kila kambi. Wanaofundisha askari wetu na viongozi wa kambi waweke somo hili, na wawaite akina mama kama huyu waje kufundisha pia.

Kwa upande wangu, nimebadili kazi yangu kidogo. Habari ya mtu mwenye panga ikifika mezani, kabla ya kuisoma nauliza: anaitwa nani, alikuwa mgonjwa tangu lini, na ni nani aliyeita polisi? Mara nyingi jibu la swali la mwisho ni mama yake.