Mlango wa Mwajuma: Urafiki wa Wanawake katika Vuta N'kuvute

Tahakiki nyingi za Vuta N'kuvute, riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999, zimeisoma kama hadithi ya mapenzi yaliyovuka mipaka ya rangi, na ya harakati za kuupinga ukoloni Zanzibar. Filamu ya Amil Shivji yenye jina hilohilo, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, imeutilia nguvu usomaji huo, kwani Denge na Yasmin ndio walioshika kitovu chake. Makala haya yanakusudia kuuliza swali moja ambalo usomaji huo huliruka. Yasmin anapoikimbia ndoa yake, anabisha mlango wa nani?

Katika riwaya, Yasmin ana umri wa miaka 15 na mumewe, Bwana Raza, ana miaka 52. Anayetafuta dhuluma ya fimbo na damu katika ndoa hii atapitwa na jambo lenyewe. Binti anaozwa bila ya kuulizwa, anaishi na mtu ambaye nafsi yake inamkataa, na hana ruhusa ya kusema kuwa anateseka, maana kwa macho ya jamaa zake mume anayelisha na kuvisha hana kosa. Biashara ya Raza inapozorota, anamhamishia mkewe Mombasa, na hapo upweke wa ndoa unaongezewa upweke wa ugeni. Yasmin anatoroka na kurudi Unguja. Jamaa wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mwafrika, maskini, mkaazi wa Ng'ambo.

Neno hilo ng'ambo halimpiti hivihivi msomaji wa Mombasa. Likoni ni ng'ambo ya kivuko. Kisauni ilikuwa ng'ambo ya maji hata baada ya daraja la kuelea la Nyali kujengwa mwaka 1931. Changamwe hufikiwa kwa njia ya Makupa. Mahakama ya Kadhi ya Mombasa iko kisiwani, na mke wa Likoni mwenye shitaka sharti avuke. Lakini kabla ya kuvuka amekwisha kumsimulia mtu, na mtu huyo kwa kawaida ni shoga yake. (Inasikitisha kuwa matumizi ya magazetini yamelibana neno hili hata mwanafunzi wa leo huona haya kulitamka kwa maana yake ya kale, yaani mwanamke rafiki wa mwanamke mwenziwe.)

Historia inatuonyesha kuwa ushoga huo haukuwa mazoea ya barazani tu. Margaret Strobel, katika utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, alieleza jinsi vyama vya lelemama vilivyowakusanya wanawake wa asili mbalimbali, waungwana na wenye nasaba ya utumwa, katika ngoma, mashindano na kusaidiana. Mwishoni mwa miaka ya 1950, yaani takriban wakati uleule ambao riwaya inausawiri, wanawake wa mji huo walikuwa wameanza kuunda jumuiya za kudai elimu na haki. Tukumbuke pia kwamba Mwana Kupona, katika utenzi wake wa mwaka 1858, alimwonya binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kwa maoni yetu, urafiki wa Yasmin na Mwajuma unajibu wasia huo moja kwa moja: msaada unatoka palepale ambapo binti wa heshima alikatazwa kwenda.

Susan Hirsch, aliyechunguza mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1998, aliona kuwa wengi wa walioleta madai walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi walishinda, ingawa mila iliwataka wasubiri na kusitiri siri za nyumba. Kusimulia ndiko kulikowapa haki. Hapa ndipo mhakiki wa fasihi ana la kusema kuliko mwanasheria. Masimango, kununiwa na kutengwa havina kovu la kuonyeshwa. Viko katika maneno tu, na maneno yanahitaji msikilizaji anayeyasadiki. Mwajuma hamdai Yasmin ushahidi. Anampisha ndani.

Filamu inamkabidhi nafasi hiyo Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, na uteuzi huo ni wa busara, kwa kuwa taarab ndiyo sanaa iliyowafundisha wanawake wa pwani kusema kwa mafumbo yale yasiyosemeka waziwazi. Hata hivyo, uzito wa mapenzi na siasa unamfunika. Riwaya, kwa urefu wake, inampa Mwajuma muda wa kuwa mtu: anacheka, anashawishi, na mara nyingine anamtia shoga yake mashakani. Si malaika.

Mwaka 2015 Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani, inayotaja bayana dhuluma ya kihisia na ya kisaikolojia. Mke wa Changamwe anayeitegemea sheria hiyo ataulizwa nani aliyajua mateso yake. Atamtaja Mwajuma wake, yule ambaye miongozo yetu ya riwaya bado inamweka miongoni mwa wahusika wadogo.