Michoro ya Ukutani na Mipaka ya Makumbusho: Hoja kutoka Ufipa

Dai moja limezoeleka mno katika mijadala ya sanaa ya mitaani nchini Tanzania: kwamba grafiti ilizaliwa Philadelphia na New York, ikaja Dar es Salaam pamoja na hip hop na kulelewa na vijana kama wale wa kundi la Wachata. Kuhusu mtindo wa herufi, sina ubishi. Ninachokipinga ni hitimisho linalotolewa humo, kwamba mkoa kama Rukwa hauna cha kuonyesha katika maonyesho ya grafiti.

Ushahidi wa kulivunja hitimisho hilo umo ndani ya makumbusho, huko Mombasa. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kuanzia 1593, ikatekwa na Waomani 1698, ikawa gereza enzi za Waingereza, na tangu 1962 ni makumbusho. Anayeizuru huonyeshwa michoro ambayo Wareno waliokaa humo waliichora ukutani kwa rangi nyeusi na nyekundu: meli, samaki, kinyonga, watu waliovaa deraya. Kwangu michoro hiyo ina thamani zaidi kuliko mizinga ya ngome. Mizinga inaeleza dola ilitaka nini. Kuta zinaeleza walioletwa kuilinda walikumbuka nini na walitamani nini. Michoro hiyo haikuhifadhiwa kwa umahiri wa mkono. Imehifadhiwa kwa sababu wachoraji wake ni watu ambao nyaraka za wakubwa haziwataji kwa majina.

Kwa kipimo hicho, kuta za Sumbawanga, huku Rukwa, zinastahili kusomwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, ikipimwa kutoka katikati ya barabara, na alama ya X kwenye nyumba zilizo ndani ya hifadhi hiyo ikawa maandishi yanayosomwa hata na asiyejua kusoma: ya kijani ina fidia, nyekundu haina. Kwenye kuta nyingine familia nazo zimeandika NYUMBA HII HAIUZWI, kumwonya mnunuzi kwamba ndugu hawajakubaliana. Serikali na ukoo wote wametumia ukuta kudai haki juu ya kiwanja. Sijui sanaa ya mitaani iliyo ya mitaani zaidi ya hiyo.

Itasemwa kwamba X ni utawala tu. Lakini hata michoro ya Ngome ya Yesu haikuchorwa ili iitwe sanaa.

Ugumu wa kweli ni mahali pa kuonyeshea. Malungu, yale matanuri marefu ya Wafipa yaliyoyeyusha chuma bila mivukuto, hueleweka yakiwa yamesimama palepale, penye udongo na upepo wake. Ukuta nao ukibanduliwa hupoteza barabara uliyokuwa ukibishana nayo. Basi kazi ianzie hapo ulipo: picha, tarehe, aina ya rangi, maelezo ya mwenye nyumba. Na pale shauri likiwa bado liko Baraza la Ardhi na Nyumba, jina la familia lifichwe na picha isionyeshwe, isije ikawadhuru waliotukaribisha uani kwao.