Tochi ya trafiki na mkono wa mrushaji

Mwaka 1958, katika kambi ya jeshi ya kujaribia silaha huko Aberdeen, Maryland, kijana mmoja alikabidhiwa mpira wa besiboli aulenge kwenye mtambo wa kupimia kasi. Steve Dalkowski, mrushaji wa mkono wa kushoto wa timu za chini za Baltimore Orioles, alivumishwa kuwa hajapata kutokea mwenye kasi kama yake. Jana yake alikuwa amecheza mechi. Kile kichuguu cha udongo wanachosimama warushaji hakikuwapo, na mpira ukawa unapita kando tu, mmoja baada ya mwingine. Ulipoingia, mkono umeshachoka: kilomita 150 kwa saa. Wapigaji waliokwisha kukabiliana naye hawakuuamini mtambo.

Mtambo haukupima ule upotevu wa shabaha, na hapo ndipo palipokuwa na habari yenyewe. Msimu wa 1960, akiwa Stockton, California, aliwatoa wapigaji 262 kwa kuwakosesha mpira. Wengine 262 akawapa kituo cha kwanza bure kwa kurusha nje. Hesabu ile ile! Msaka vipaji aandike nini hapo?

Mwaka 1974 kocha Danny Litwhiler wa Chuo Kikuu cha Michigan State aliwaomba askari wa chuo wawapime warushaji wake kwa chombo cha kukamatia magari yanayokimbia, kile ambacho madereva wa Tanzania wanakiita tochi. Kampuni ya JUGS ikatengeneza ya besiboli, na wasaka vipaji wakaanza kuzunguka nazo viwanjani. Kwenye fomu zao kila kipaji hupewa alama kati ya 20 na 80, 50 ikiwa ni ya kawaida ligi kuu. Kasi ikapata namba isiyobishaniwa. Shabaha ikabaki kwenye jicho la mtu.

Nadhani tochi iliwalevya wengi. Greg Maddux, kijana mwembamba asiyetisha kwa kasi, mwaka 1984 alichukuliwa na Chicago Cubs baada ya vijana wengine 30 kuteuliwa kwanza na timu za ligi. Alistaafu na ushindi 355.

Dalkowski naye alipata mwalimu. Mwaka 1962, huko Elmira, Earl Weaver alimwambia apunguze nguvu, na mipira ikaanza kutii. Machi 1963, akiwa ameshapimiwa sare ya timu ya kwanza, kiwiko kikaumia kwenye mechi ya maandalizi. Hakurusha hata mpira mmoja ligi kuu.