Manifoldi ya Hewa: Tangu Shervick za Nachingwea Hadi Altezza za Leo

Katika nchi ya Wamwera, tangu Mkotokuyana na Nachingwea mjini hata Ruangwa, habari za injini kubwa hazikuanza na magari ya kifahari yanayoletwa leo kutoka Japani, bali zilianza mwaka 1947, pale serikali ya Uingereza ilipoazimia kulima karanga katika Tanganyika kwa mashine, ikazichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikakusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, ilhali matrekta ya kutosha haikuwa nayo, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha juzi tu na viwanda vya Ulaya vilikuwa havijarejea katika kazi za amani. Ndipo yakanunuliwa mabaki ya vita, mengine hata kutoka Ufilipino, na kampuni ya Vickers-Armstrongs ikapewa kazi ya kuvigeuza vifaru vya Sherman vya Kimarekani kuwa matrekta, nayo yakaitwa Shervick. Mpango wenyewe ulifutwa Januari 1951, baada ya kupotea takriban pauni milioni 36.

Wanahistoria wengi huishia hapo, kwenye hasara. Lakini kwa mtu wa gereji kuna kadhia nyingine ndani ya habari hiyo, nayo inastahili kuangaliwa kwa makini. Kifaru cha Sherman kilikuwa jina moja lenye injini mbalimbali: M4 na M4A1 zilikuwa na injini ya Continental ya silinda 9 zilizopangwa duara, yenye asili yake katika ndege, M4A2 ilikuwa na injini mbili za dizeli za General Motors zilizofungwa sambamba, M4A3 ilikuwa na V8 ya Ford, na M4A4 ilibeba injini tano za Chrysler zilizounganishwa kuwa moja, silinda 30 kwa jumla. Fundi aliyeagiza kipuri cha Sherman pasipo kutaja aina yake, lau angeletewa njia ya hewa ya M4A3 hali yeye ana M4A2, asingepata hata bolti moja ya kuingia mahali pake. Kosa hilo hilo ndilo linalowapata hadi leo vijana wanaotaka kuyaongezea nguvu magari yao ya mbio, na ndilo lililonisukuma kuiandika historia hii.

Manifoldi ya hewa ni ule mkusanyiko wa mirija, aghalabu ya aluminiamu, uliofungwa ubavuni mwa hedi, ambao hupokea hewa iliyopita kwenye chujio na kwenye kabureta au throto, ukaigawa kwa silinda moja moja. Na kwa kuwa valvu hufunguka na kufungika mara elfu na zaidi kwa dakika, hewa iliyomo humo haitiririki kwa utulivu bali huenda kwa mawimbi, ikirudi nyuma kila valvu inapofungwa na kusonga mbele tena. Mhandisi akiupima urefu wa mrija hata wimbi likarejea mlangoni pa valvu wakati ule ule inapofunguka, injini hupata hewa ya ziada pasipo gharama. Na kanuni yake ni ile ya zumari, ambayo ikirefushwa hutoa sauti nzito na ikifupishwa hutoa sauti nyembamba, maana mrija mrefu huipa injini nguvu katika mizunguko michache, na mrija mfupi huipa nguvu katika mizunguko mingi. Chrysler walilidhihirisha jambo hili mwaka 1960 katika gari lao la 300F, lililokuwa na mirija ya inchi 30, takriban urefu wa mkono wa mtu mzima.

Biashara ya kuuza manifoldi iliyo bora kuliko ya kiwandani ina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1938 Vic Edelbrock, fundi wa Los Angeles, alinunua Ford ya mwaka 1932 yenye V8, na kwa kutoridhika na manifoldi zilizokuwapo sokoni akabuni ya kwake, yenye kubeba kabureta mbili, ikajulikana kwa jina la Slingshot. Akaiendesha kwenye maziwa makavu ya California, na walioona kasi yake wakaja kumwomba awatengenezee na wao. Baada ya vita ikaja hatua ya pili, ambayo inarejea kwa ajabu kwenye vile vifaru. Injini za dizeli za General Motors zilizokuwa ndani ya M4A2 zilikuwa na kipulizo cha kuzilisha hewa, cha namna iliyobuniwa na ndugu wawili wa ukoo wa Roots huko Indiana mwaka 1860. Na vijana wa Kimarekani, walipovikuta vipulizo hivyo vikiuzwa rahisi pamoja na malori na mabaki mengine ya vita, wakavifunga juu ya V8 zao, wakalazimika kubuni manifoldi mpya za kuvibeba. Chombo kilichoumbwa kwa ajili ya malori na vita kikawa hivyo pambo la magari ya mbio.

Kwetu Afrika Mashariki mtihani wa mambo haya haukuwa ziwa kavu wala uwanja wa lami, bali ni yale mashindano ya Safari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika katika matope na vumbi. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo watu wa miji yetu walilifahamu kama teksi. Katika 404 za sindano, pampu ya Kugelfischer ilipeleka petroli kwa kila silinda peke yake, karibu na valvu, hata manifoldi ikabakiwa na kazi ya kupitisha hewa tupu. Na faida yake ni kwamba petroli haikuganda kwenye kuta za mirija wala haikujaa upande mmoja gari lilipolala ubavu katika kona na makorongo. Ushindi wa Safari haukutokana na manifoldi peke yake, hilo ni yakini, kwani 404 ilikuwa na mwili mgumu na springi njema; walakini injini iliyogawiwa chakula chake kwa haki ni injini inayofika.

Kisha zikaja Datsun. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mwaka 1971 kwa 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda pamoja na Lofty Drews kwa gari la aina hiyo hiyo. Injini yake ya L24, silinda 6 zenye ujazo wa lita 2.4, ilitoka kiwandani na kabureta mbili za Hitachi, kila moja ikilisha silinda tatu; na waliotaka zaidi walizing'oa, wakafunga manifoldi ya kubeba kabureta tatu za Weber au Mikuni-Solex zenye koo mbili mbili, yaani koo moja kwa kila silinda. Hapa pana jambo ambalo fundi asiyelijua hulipa mara mbili. Katika hedi ya L24 manifoldi ya hewa na manifoldi ya eksozi zote ziko upande mmoja, zinashiriki gasketi moja, na baadhi ya washa nene hukandamiza kingo za zote mbili kwa pamoja. Endapo ukingo wa manifoldi mpya ni mnene au mwembamba kuliko ule wa eksozi, japo kwa milimita moja, washa hukaa mshazari, hubana upande mmoja na kuuacha mwingine. Hewa isiyopimwa huingia, injini humisi, na mwenye gari humlaumu aliyerekebisha kabureta. Dawa yake ni kupima kingo zote mbili kwa kalipa kabla ya kufunga na kuchonga ule ulio mnene, kazi ya saa moja.

Magari ya mbio tunayoyaona sasa ni mengine, lakini ile kadhia ya Sherman ingali hai. Toyota Altezza ilitoka mwaka 1998 kwa sura moja na injini mbili: RS200 ina 3S-GE ya silinda 4, ilhali AS200 ina 1G-FE ya silinda 6, na zote ni za lita 2. Anayeagiza “manifoldi ya Altezza” pasipo kusema zaidi amebahatisha, naye hana haja ya kubahatisha, kwa kuwa aina ya injini imeandikwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Wala 3S-GE peke yake haitoshi kuwa jibu, maana injini hiyo ilipita vizazi vitano, na si kila kizazi kinapokea manifoldi ya mwenzake. Hali kadhalika 4A-GE ya Corolla: hedi zake za mwanzo zina matundu mapana ya hewa, na zile za mwishoni mwa miaka ya 1980 zina matundu membamba.

Baada ya kuthibitisha aina na kizazi cha injini, lijaribuni gasketi la asili juu ya uso wa manifoldi inayouzwa. Matundu ya bolti yalingane bila kulazimishwa; tundu la hewa la manifoldi lisizidi lile la hedi, maana hewa itagonga ukingo wa hedi na kuvurugika; na rula ya chuma ikiwekwa wima juu ya uso huo isionyeshe mwanga chini yake, kwani manifoldi za kuiga zilizochomelewa kwa haraka hupinda, nazo hazifai hata zikiuzwa kwa robo ya bei.

Ama kuhusu kuchagua, rai yangu ni wazi. Kwa mtu wa Ruangwa au Nachingwea, ambaye aghalabu huendesha kwa mizunguko ya wastani na ambaye vumbi la kiangazi humfuata hata barazani kwake, mirija mifupi ya kiwanja cha mbio ni hasara, na koo za kabureta zilizoachwa wazi bila chujio ni uharibifu wa pistoni. Achukue mirija mirefu, sanduku la chujio lililofungwa vizuri, na gasketi jipya kila anapoivua. Ile manifoldi ya asili asiiuze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Aifunge guniani pamoja na stadi na washa zake, aiweke mahali pakavu, kwa kuwa utengenezaji wa Altezza ulikoma mwaka 2005.