Kinu cha Askov na Mafundi Wake

Katika kijitabu hiki cha miaka kumi ya Chama chetu wanachama watasoma mengi juu ya kahawa, mizani na bei. Sisi tumepewa kuandika juu ya umeme, nasi tumechagua habari za Denmark, kwa kuwa nayo ni nchi ya wakulima wa ushirika, waliofungua kiwanda chao cha kwanza cha maziwa huko Hjedding mwaka 1882.

Katika kijiji cha Askov palikuwa na shule ya watu wazima wa mashambani, na mwalimu wake wa fizikia aliitwa Poul la Cour. Mwaka 1891 alijenga kinu cha upepo cha kufanyiza umeme. Upepo hauna saa. Ukitulia, taa huzimika. Basi alitumia umeme ule kuyatenga maji yawe gesi, akaiweka akiba ile iitwayo haidrojeni, na kwayo shule ikawashiwa taa miaka kadhaa. Lakini kwa maoni yetu kazi yake kubwa zaidi ni ile ya mwaka 1904, alipoanza kuwafundisha vijana wa mashamba ufundi wa umeme, vijiji visije vikangoja fundi wa mjini.

Mmoja wa vijana wale alikuwa Johannes Juul. Mwalimu alifariki mwaka 1908. Mwanafunzi, mwaka 1957, akasimamisha huko Gedser mtambo wa upepo wa kilowati 200, uliofanya kazi kwa miaka kama kumi. Kisha ukaachwa, maana mafuta yalikuwa rahisi.

Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafula, na karibu sehemu tisa katika kumi za nguvu zote za Denmark zilitokana na mafuta. Vituo vikubwa vya umeme vikageukia makaa ya mawe, yatoayo hewa ya ukaa kwa wingi zaidi. Hapo ndipo seremala mmoja, Christian Riisager, alipounda kinu kwa kufuata mfano wa Gedser; wengine wakamfuata, na wakulima wakaunda vyama vya kumiliki vinu. Siku hizi zaidi ya nusu ya umeme wa nchi ile hutoka katika upepo, na makaa ya mawe yamebaki kidogo sana.

Nasi tuna habari yetu, wala si ya kujivunia. Pampu yetu ya jua ya kuoshea kahawa ilinyamaza msimu mmoja. Waliotuuzia hawakurudi. Miezi tisa injini ya dizeli ikanguruma tena, moshi ukatanda, deni la mafuta likaingia vitabuni, na mabamba yako mazima juu ya paa. Kijana wetu mmoja aliyesoma ufundi alipokuja likizo alifungua kisanduku, akaona waya uliolegea. Kazi ya nusu saa.

Hoja ya kutenga fedha za kuwasomesha vijana wawili imo katika ajenda ya Mkutano Mkuu. Baadhi ya wajumbe wataka fedha hizo zinunue mabamba mengine. Sisi twaiunga mkono hoja ya vijana.